Waini ya Bwana Etieni Ilivyoingia Iringa

Mkono wangu wa kulia bado haujapokea habari kwamba nimestaafu. Nikipita Ilula unanyanyua nyanya, unaigeuza kutafuta doa, unairudisha chini kwa dharau. Wauzaji wa pale barabarani wananijua. Wakiniona nashuka garini wanazigeuza nyanya zao ili doa litazame chini. Ninyi mliobaki kazini mmeniomba niandike yale ambayo semina hazitawaambia. Haya. Ya vyeo na mishahara nayaruka, kwa sababu vyeo vilikuwa vichache na kuhusu mishahara hamtaniamini.

Nilianza kwa kugombana. Nilikuwa msichana nauza nyanya kwa ndoo hapo hapo Ilula, na Mzee Gwakisa wa Mbeya, ambaye baadaye alikuwa bosi wangu miaka yote, alisimamisha gari akataka ndoo nzima kwa nusu ya bei. Tulivutana mpaka dereva wake akazima injini. Mwishowe akalipa bei yangu, akapanda garini, akashuka tena.

"Binti, kusoma unajua?"

"Najua."

"Basi wiki ijayo njoo Mbeya. Nataka uwe unavutia upande wangu."

Kampuni yake ilipelekea hoteli, baa na gesti vyakula na vinywaji, kutoka Mbeya mpaka Iringa, na mimi nikawa mnunuzi. Safari yangu ya kwanza ilikuwa Rujewa, kwenye mashine za mpunga. Nilipewa bambo, kile chuma chenye mfereji cha kuchomea gunia, nikaambiwa nisiamini mchele wa juu kwa sababu huo umewekwa kwa ajili ya wageni. Nilichoma gunia la kwanza kwa nguvu za ugeni wa kazi, likapasuka, mchele ukamwagika miguuni kwa mwenye mashine. Aliutazama, akanitazama. "Sasa umeuona wote," akasema. "Nunua." Nilinunua. Ulikuwa mchele mzuri, bahati yangu.

Aliyenifundisha kazi hasa ni Mzee Kalinga, stoo kipa wetu wa Iringa. Mzee Kalinga alikuwa mtu wa Kihesa, mfupi, mwenye koti la baridi ambalo sikuwahi kumwona hajalivaa hata jua likiwa utosini. Kila mzigo alihesabu mara mbili: mara ya kwanza amesimama mlangoni, mara ya pili ametoka ukutani kuja mbele. Nilimuuliza faida yake. Akasema mlangoni unaona anachokiona mwenye mali, ukutani unaona anachokiona mwizi. Tangu siku hiyo na mimi nahesabu hivyo. Hata vikombe vya chai nyumbani, na watoto wangu wanachukia.

Upande wa kupatana bei hakuna aliyenifundisha, nilikuja nao kutoka barabarani. Ni kazi ya kutafuta kasoro. Unaikuta, unaionyesha kwa huzuni, muuzaji anakataa, unaionyesha tena, anapunguza. Nyanya ina doa, mchele una chenga, ng'ombe anachechemea. Nimeishi kwa kanuni hiyo na imenilisha vizuri. Imenishinda mara moja tu, na hiyo ndiyo nataka kuieleza, kwa sababu mpaka leo sijaielewa na labda kati yenu yupo atakayeielewa.

Hoteli za Iringa zinazopokea watalii waendao mbugani zilianza kutuomba waini nyekundu, tena ya kilimo hai, maana yake zabibu zilizolimwa bila mbolea wala dawa za viwandani. Mgeni mmoja alimwachia Mzee Gwakisa chupa kutoka shamba moja la Ufaransa, shamba la zamani sana, lenye jumba la mawe na historia ndefu. Mzee akainywa yote na mkewe. Kesho yake akaniita ofisini.

Aliniambia mambo mawili. La kwanza, stoo ya Iringa ilikuwa hailipi, na alikuwa anafikiria kuifunga. La pili, kabla ya kuifunga angejaribu kitu kimoja cha mwisho, kontena la waini ile. Ikiuzika, stoo inabaki. Isipouzika, anafunga, na Mzee Kalinga anarudi nyumbani akiwa amebakiza miaka michache astaafu. Nyumba yake ilikuwa imeishia kwenye lenta. Mbao za paa zilikuwa zimelala uani, zimefunikwa turubai, na kila masika turubai lilikuwa linatoboka sehemu mpya.

Mzee Gwakisa mwenyewe goti lilikuwa linamsumbua. Akanituma mimi.

Shambani nilipokewa na mwenye mali, Bwana Etieni, mwanamume mrefu mwenye sweta lililotoboka kiwikoni. Kiingereza chake na changu vyote vilikuwa vya kuazima, kwa hiyo tulielewana vizuri. Alinitembeza kabla ya kutaja bei, jambo ambalo kwa muuzaji ni kosa, maana ananipa muda wa kukusanya madoa. Na madoa yalikuwepo! Nilikuwa nayahesabu moyoni kwa furaha.

Tukakaa kwenye benchi la mawe, akataja bei. Nikavuta pumzi ya huzuni, nikaanza.

"Nyumba yako imepasuka ukuta."

"Ndiyo!" akasema, macho yakimng'aa. "Ufa huo babu yangu aliukuta."

"Shambani majani yamejaa. Hamjapalilia."

"Hatuyaondoi yote. Tunayaacha makusudi."

Nikamtazama vizuri. Alikuwa mzima. Nikaendelea.

"Udongo ni mawe matupu."

"Mawe matupu kabisa!" Akainama, akaokota moja, akanikabidhi mkononi kama mtu anayekukabidhi mtoto mchanga. "Hapa hata viazi havikubali."

"Mizabibu imezeeka."

"Imezeeka sana. Inazaa kidogo mno, kila mwaka inapunguza."

"Na wadudu?"

"Wanakula kiasi chao."

Nilikaa na jiwe langu. Kila doa nililolionyesha alilipokea kama pongezi, na nilipouliza tena bei, ilikuwa imepanda. Nilifikiri ni Kiingereza. Nikauliza upya, polepole. Ilikuwa imepanda kweli. Kwetu mtu akikuambia shamba lake ni mawe, halina mbolea, lina magugu na mimea inakufa kwa uzee, unamwombea. Huyu alikuwa ananitoza.

Akanishusha kwenye ghala la chini ya ardhi, baridi kama Mufindi mwezi wa saba, mapipa ya mbao yamejipanga kutoka ukuta mpaka ukuta. Kila pipa alichota kidogo, akanusa, akaonja, akakoroga mdomoni kama anayesukutua, halafu akatema kwenye ndoo. Pipa la pili, akatema. La tatu, akatema. Hapo nikaelewa, au nilifikiri nimeelewa: ana vidonda vya tumbo. Mjomba wangu alikuwa hivyo hivyo, chai ya rangi anaionja tu anatema. Mtu amerithi shamba la waini kutoka kwa mababu na tumbo lake linaikataa waini. Nilimwonea huruma sana. Ugonjwa wa mwenyeji hauulizwi, kwa hiyo sikuuliza. Mimi mwenyewe ni Mlutheri, divai naijua kwa kiasi cha kanisani tu. Nililamba, nikasema ni nzuri.

Hakupunguza hata kidogo. Kitu pekee nilichofanikiwa kumng'oa ni ahadi kwamba kontena likifika, atakuja mwenyewe Iringa kuitambulisha waini kwa wateja. Nilirudi na mwenye mali badala ya punguzo. Mzee Gwakisa alinisikiliza nikimweleza habari za mawe na magugu, akasema, "Salome, na bado ukanunua?" Nikasema ndiyo. Akaguna.

Kontena lilifika. Mzee Kalinga alikuwa ameelezwa kwamba chupa hizi zinalazwa, hazisimamishwi, ili kizibo kisikauke. Akazilaza kila moja kwa mkono wake, upande wa stoo usiopata jua, akazihesabu kutoka mlangoni, akazihesabu kutoka ukutani. Halafu akasimama katikati na koti lake.

"Zote hizi ni paa langu?"

"Ndiyo, Mzee."

"Basi ni paa zito."

Bwana Etieni akaja. Tulikodi ukumbi mjini, tukawaalika wenye baa, wenye gesti, mameneja wa hoteli, watu wanaonunua. Meza zimefunikwa vitambaa, kila moja na chupa zake.

Sasa, kwa wale mliotoka pande nyingine za nchi. Iringa tunakunywa ulanzi, pombe inayotoka kwenye mianzi. Na anayekuletea pombe, awe muuzaji au mwenyeji, anaionja yeye kwanza, mbele yako, na anaimeza. Hakuna anayekuambia, unaiona tangu ukiwa mgongoni kwa mama yako. Akimeza, pombe haina kitu. Asipomeza, unakumbuka una safari.

Bwana Etieni akasimama mbele, akafungua chupa, akajimiminia yeye wa kwanza. Ukumbi ukatulia kwa kuridhika. Nikasikia mtu nyuma yangu akisema, "Mzungu ana adabu huyu." Akanusa. Akaonja. Akakoroga mdomoni, watu wote wakimtazama koo.

Akatema kwenye ndoo.

Sijawahi kusikia glasi nyingi hivyo zikiwekwa mezani kwa pamoja. Mama Chengula, mwenye gesti kubwa Ilula na mdomo mkubwa kuliko gesti, alikuwa meza ya mwisho.

"Ametema?" akauliza.

"Ametema," ukumbi ukamjibu.

"Ya kwake mwenyewe?"

Mwanamume mmoja karibu na mlango akaanza kutafuta kofia yake. Nikamkimbilia Bwana Etieni.

"Vidonda vimekuzidi?"

"Vidonda gani?"

"Vya tumbo."

"Sina vidonda vya tumbo."

"Kwa hiyo kule kwako ulikuwa unatema ukiwa mzima?"

Akanieleza kwa upole kwamba kila mtu anayejua waini anatema, kwamba ukimeza utalewa, na ukilewa huwezi kujua unachoonja. Nikamwambia hapa asiyemeza ana sababu, na sababu hiyo watu wameshaipata na wanaondoka nayo. Akasema haiwezekani, ni heshima ya kazi. Wakati huo Mzee Kalinga alikuwa amekuja mpaka nyuma yangu, kizibuo mkononi.

"Salome, mwambie anywe."

"Namwambia, Mzee."

"Mwambie vizuri. Mimi siwezi kuezeka nyumba kwa mate ya mtu."

Hilo sikulitafsiri. Nikafanya kazi ninayoijua. Bwana Etieni akasema atameza mara moja, pale mbele, yaishe. Nikasema aliyekaa nyuma hataona, kwa hiyo ni kila meza, kutoka chupa ya meza hiyo hiyo. Akasema basi ni tone. Nikasema tone halionekani likipita kooni. Akasema robo glasi. Nikatazama ukumbi ulivyojaa, nikasema nusu. Akafumba macho. Tukamalizana kwenye funda moja kubwa kila meza, koo likiwa wazi, bila tai. Ni mara ya kwanza mtu yule alikubali kushuka kutoka bei yake, na ilibidi iwe juu ya mwili wake mwenyewe.

Akaanza kuzunguka. Meza za mbele alikwenda kama mtu anayemeza dawa ya malaria. Za katikati alikuwa amevua koti. Mzee Kalinga aliyemfuata akifungua chupa alimfundisha kusema "kamwene", salamu ya Kihehe, na kuanzia hapo hakupita meza bila kuisema, mara nyingine mara tatu kwa mtu huyo huyo. Watu wakaanza kunyanyua glasi. Yule wa kofia akakaa.

Alipofika kwa Mama Chengula alikuwa amelegea na anacheka. Alipiga goti moja, nafikiri lilikuwa limemwishia nguvu tu, akamimina, akameza, akaniambia nitafsiri kwamba mizabibu hii baba yake aliilima, na babu yake, na kwamba ni mizee, na kwamba anaipenda. Machozi yakamlenga. Mama Chengula akamtazama toka juu mpaka chini.

"Sasa mwanangu," akaniuliza kwa sauti ya ukumbi mzima, "huyu anamposa nani humu ndani?"

Ukumbi ukapasuka. Maana ndivyo ilivyo: mshenga akienda kuposa hubeba kinywaji, hupiga magoti, hunywa yeye kwanza mbele ya wazee wa binti, halafu husema habari za ukoo. Bwana Etieni alikuwa amefanya yote bila kujua. Aliniuliza wanacheka nini. Nikamwambia wanauliza amekuja kumposa nani. Akafikiri, kwa uzito wa mtu aliyemeza meza zote zile.

"Waambie," akasema, "yeyote atakayenunua."

Nikasema tumepona. Hatukupona. Walikunywa, ndiyo, kwa sababu ya adabu, na wakaniambia ukweli mlangoni wakati wa kuaga. Kali. Inakausha ulimi. Mmoja aliniuliza ilikuwa mtogwa lini, yaani lini ilikuwa tamu kama ulanzi wa siku ya kwanza, na kwa nini hatukuileta wakati huo. Bwana Etieni akasafiri, amejishika kichwa. Wenye baa hawakuagiza. Hoteli zikachukua kidogo, za kuweka kwenye menyu. Wiki zikapita, na Mzee Kalinga akawa anahesabu kutoka mlangoni na kutoka ukutani, jibu lile lile. Mzee Gwakisa akanipigia simu akiwa Mbeya akasema nianze kumwandaa mzee kwa maneno mazuri. Nilikwenda stoo siku hiyo na maneno yangu mazuri, nikayakuta hayatoki. Tukanywa chai. Nadhani aliyajua, maana aliniambia turubai limetoboka tena, bila mimi kuuliza.

Tukiwa hapo hapo na chai, pikapu ya Mama Chengula ikarudi nyuma mpaka mlangoni.

"Nataka katoni ya ile waini."

"Ya gesti?" nikauliza.

"Gesti ya nini! Kijana wangu anaposa Kilolo, kwa watu wagumu. Soda wameshapelekewa na kila mtu. Nataka ile ambayo mwenyewe aliinywa mbele za watu mpaka akapiga magoti."

Nikataja bei, nikijiandaa kuvutana. Hakuvuta. Mama Chengula, ambaye aliwahi kuvutana nami bei ya vitunguu mpaka nikaumwa kichwa, akalipa kama anavyolipa sadaka. Baada yake wakaja watu wa Ifunda, wa Kalenga, wa mjini. Posa, kipaimara, mahafali, jubilei ya padri. Habari zilikwenda zenyewe. Mzee Gwakisa akapiga simu.

"Ndaga fijo, asante sana, Salome! Baa gani hizo zinauza?"

"Hakuna baa, Mzee."

"Hoteli?"

"Chache."

"Sasa nani anakunywa?"

"Sijui."

Alifikiri namficha mteja. Stoo haikufungwa, akaagiza kontena la pili. Mzee Kalinga aliezeka nyumba kwa bati la rangi ya kijani na akastaafu kwa wakati wake, akaagwa kwa keki.

Nilipoalikwa kuitazama nyumba ndipo nilipoanza kuchanganyikiwa upya. Sebuleni, ndani ya kabati la vioo, katikati ya picha ya harusi na seti ya vikombe, ilikuwepo chupa ya Bwana Etieni. Imesimama. Jua la dirishani linaipiga. Haijafunguliwa. Nikaanza kuangalia kila nilikokwenda. Kwa mchungaji wetu ipo, imesimama. Kwa Mama Chengula zipo tatu, moja imevalishwa kitambaa cha kushona. Nikamuuliza.

"Mama, mbona hamjazifungua?"

Akanishangaa. "Tufungue ya nini? Mwenyewe si alishainywa?"

Nimelala na jibu hilo na nimeamka nalo. Kama halinywewi, tuliuza nini? Yule bwana anatesa mizabibu yake kwenye mawe, anawaacha wadudu wajilie, anakesha na mapipa, ili ladha iwe ile anayoitaka, na hapa kwetu watu wanamlipa vizuri kuliko pengine popote kwa sababu ya funda moja la kila meza. Ukiniuliza kama alidanganywa, nitasema hapana. Ukiniuliza kama tulidanganywa sisi, nitasema hapana pia, na nimejaribu kutokea pande zote mbili.

Kila mwaka, mavuno yakiisha, ananiandikia. Ananieleza mvua ilivyokuwa, na jua, na kwamba waini ya mwaka huo ni tofauti na ya mwaka uliopita, halafu anauliza swali moja: watu wa Iringa wanaionaje ladha? Miaka yote nilimjibu habari za bandari na usafirishaji. Mwaka huu, kwa kuwa ni barua yangu ya mwisho kwake, niliona si vizuri kumkwepa. Nikaipeleka barua yake Kihesa kwa Mzee Kalinga, nikamsomea.

"Mwambie kweli," akasema.

"Kweli ipi, Mzee?"

Akalitazama kabati. Akatazama dari. Mvua ilikuwa inanyesha juu ya bati na ndani palikuwa pakavu kabisa.

"Mwambie yule bwana asije akaacha kulima," akasema.

Nikaandika pale pale, juu ya goti langu: Bwana Etieni, tangu siku ile uliyotuzungukia, hakuna hata mmoja aliyelalamika, na wengi wao bado wanayo.